Mifuko Sitini Kwenye Mdomo wa Bwawa

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi alasiri, siku ya Jumatano, maji yalipogusa rangi nyekundu kwenye mti wangu wa kupimia. Dakika naijua kwa sababu niliiandika. Daftari liko hapa mezani, ukurasa umejikunja kwa mvua ya mawe iliyouangukia, lakini mwandiko unasomeka: saa tisa na kumi, nyekundu. Chini ya hapo pameachwa wazi kwa zaidi ya saa nzima, maana mikono ilikuwa na kazi nyingine.

Vijana wa karakana mliniomba niwaandikie niliyojifunza katika miaka yangu ya pampu, kabla goti halijanistaafisha. Nadhani mlitaka habari za mashine kubwa. Mtanisamehe. Kila nikianza kuandika habari za mashine, mawazo yananirudisha kwenye bwawa moja dogo, urefu hatua sabini na upana hatua arobaini, ambalo mimi mwenyewe nililigeuza kuwa hatari kwa watoto ishirini na watatu. Nitaanza na hilo, na mengine yatajipenyeza humo humo.

Mahali penyewe ni hapa karibu. Ukishuka kutoka Bellevue, hapa Johannesburg, kuelekea mashariki, ukavuka robot mbili, yaani taa za barabarani, na duka dogo la spaza lenye geti la bluu, unafika kwenye machimbo ya kiwanda cha matofali kilichokufa zamani, kabla wengi wetu hatujaingia nchi hii. Kiwanda kiliacha shimo. Chini ya shimo kiliacha lundo la udongo, majivu ya tanuri na vipande vya matofali, vyote vimemwagwa na malori mpaka vikaziba bonde. Hakuna aliyeshindilia lundo lile. Mvua za miaka mingi zikajaza shimo, na lundo likawa ukuta wa bwawa bila mtu yeyote kukusudia. Upande mmoja wa ukuta palikuwa na sehemu iliyobonyea, upana wa geti la gari, na hapo maji ya ziada yalikuwa yakitoka na kuteremka polepole kwenye majani. Tulipaita mdomo.

Hatua mia moja na ishirini chini ya ukuta kulikuwa na ua wa vibanda tisa vya mabati. Kimojawapo kilikuwa kreshi ya Mama Divine, Mrundi wa Bujumbura. Alikuwa akiishi Alexandra hadi Mei ya mwaka 2008, wageni waliposhambuliwa, akakimbia na mtoto mmoja mgongoni na sufuria moja mkononi. Pale bondeni alianza upya. Asubuhi akina mama walimwachia watoto, wakaenda kusuka nywele, kushona au kuuza mboga Marshalltown, na jioni waliwachukua. Wengine walikuwa watoto wa Kongo na Burundi, wengine wa majirani Wazulu, na wote waliongea Kizulu vizuri kuliko sisi tulivyoweza.

Mimi nilikuwa shemasi katika kanisa dogo la Wakongo. Tulikodi garaji Bellevue kwa siku ya Jumapili tu. Siku nyingine lilikuwa la fundi wa magari, na tulisali tukinusa oili. Ubatizo tuliufanyia kwenye lile bwawa. Baridi iliyofuata Kombe la Dunia ilikuwa kavu sana, na Pasta akaniita.

"Ndugu Bahati, wewe ni mtu wa maji. Bwawa letu maji iko nafika magoti tu. Nitazamisha watu namna gani? Niwanyunyizie kama maua?"

"Nipe wiki moja, Pasta."

Sikuhitaji hata wiki. Mtu yeyote anayejua maji kidogo angeona jibu: ziba mdomo, maji yapande. Nilimchukua Salimu, Mtanzania wa Tanga niliyefanya naye kazi kwenye kampuni ya pampu Marshalltown. Tulijaza mifuko sitini ya mchanga na kuipanga mdomoni, safu tano, kila safu mifuko kumi na miwili. Kanisa lilitulipa randi kumi kwa mfuko.

"Mimi Mwislamu nabeba mchanga wa ubatizo," Salimu alilalamika. "Nikiulizwa siku ya mwisho nitajibu nini?"

"Jibu kwamba ulilipwa."

"Nusu ya randi kumi! Hiyo hata malaika hawezi kuiita mshahara."

Mvua za kwanza zilipokuja, maji yalipanda kutoka magotini hadi kifuani. Watu kumi na wanane walibatizwa siku moja. Pasta alinisimamisha mbele ya kanisa, nikapigiwa makofi. Tafadhali kumbukeni makofi hayo. Kazi mbaya ya maji inaonekana nzuri kabisa siku inapokamilika.

Sasa niruhusuni nitoke bwawani kidogo, niwapeleke kwenye chumba cha chini cha jengo moja Marshalltown, kwa sababu bila chumba kile nisingejua nilichokuwa nimefanya.

Majengo mengi ya katikati ya mji yana ghorofa chini ya barabara, na maji huingia huko. Tulikuwa tumeitwa kuyatoa. Salimu hakutaka kuteremsha pampu kwenye ngazi nyembamba, akaifunga kwenye mlango wa barabarani na kushusha bomba la kuvuta peke yake, mita saba na nusu hadi kwenye maji. Pampu ilinguruma, ikapata moto, haikutoa hata kikombe kimoja. Alikaza viungo, akabadilisha mpira, akaitukana.

"Tanga nimevuta mita saba na nusu kwa pampu mbovu kuliko hii!" alisema.

Ntate Moloi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anakula magwinya, yale maandazi ya hapa. Ntate ni baba kwa Kisotho, na kila mtu alimwita hivyo. Alikuwa ametoa maji kwenye mashimo ya dhahabu kwa miaka thelathini kabla ya kuja kwetu kama msimamizi. Hakuwahi kupaza sauti. Alitafuna, akameza, akafuta mikono.

"Tanga iko juu kiasi gani kutoka baharini?"

"Ntate, Tanga ni bahari yenyewe."

"Na hapa uliposimama?"

Salimu akatazama lami kana kwamba jibu limeandikwa hapo.

"Zaidi ya mita elfu moja na mia saba," alisema Ntate Moloi. "Mwanangu, pampu haivuti maji. Pampu inatoa hewa ndani ya bomba, basi. Kinachoyapandisha maji ni hewa ya nje, inayoyakandamiza kule chini. Na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya kwenu. Hapa ukipata mita sita, sema asante. Shusha mashine."

Tuliishusha ghorofa moja. Maji yalianza kutoka ndani ya dakika moja. Tulipofika kwenye bakkie, gari letu la mizigo, Salimu akasema, "Kumbe nimekuja nchi ambayo hata hewa ni ya kubana matumizi."

Nami sikuwa bora kumzidi. Uvira, nilikokulia, iko chini ya nusu ya kimo cha Johannesburg, na makosa yale ningeyafanya mimi kama ningewahi kushika bomba kabla yake. Ndiyo maana huwa nawaambia: mtu akihama, vipimo vyake vinapaswa kuhama pia. Mkono uliozoea kazi ya pwani utakudanganya hapa, tena kwa ujasiri mkubwa.

Mimi sikusoma shule zaidi ya darasa la nane. Niliyoyapata niliyapata kwenye maktaba ya mjini, Jumamosi, nikiwa na kamusi na daftari. Jumamosi iliyofuata nilienda kutafuta jedwali la kimo na uvutaji wa maji. Kitabu nilichoonyeshwa kilikuwa cha wahandisi wa milima, na jedwali lilikuwa ndani ya sura inayohusu maziwa ya barafu. Kwa kuwa nimezoea kusoma sura nzima, niliisoma yote.

Ilieleza hivi. Kwenye milima mirefu sana barafu huteremka polepole na kusukuma mbele yake kifusi cha mawe na udongo. Barafu inapoyeyuka na kurudi nyuma, ziwa hubaki kati yake na kifusi. Kifusi hicho ndicho ukuta, na hakikushindiliwa na mtu. Siku moja kipande cha barafu kinaporomoka ziwani, wimbi linapita juu ya ukuta, maji yanachimba njia, njia inapanuka, maji yanaongezeka, yanachimba zaidi. Ziwa lililokaa miaka hamsini linashuka bondeni kabla watu hawajamaliza chakula.

Nilipenda jinsi wahandisi wale wanavyofanya. Hawaanzi kwa kujenga ukuta mkubwa. Wanaanza kwa kupunguza maji. Wanaweka sifoni, yaani bomba lililojaa maji linalopanda juu ya ukuta na kushuka upande wa pili, nalo linajiendesha lenyewe bila mafuta. Ila kule juu hewa ni nyembamba hata kuliko kwetu, na sifoni haipandishi maji hata mita tano. Ziwa likishashuka, ndipo wanakata mfereji kwenye sehemu ya chini ya ukuta na kuupanga mawe makubwa sakafuni na pembeni, ili maji yapite bila kuchimba. Pengine wanatoboa handaki kwenye mwamba. Kila mara wanaacha nafasi tupu kati ya maji na kilele cha ukuta, kwa ajili ya wimbi lisilotarajiwa. Na vijiji vya bondeni wanavipa kengele na njia ya kukimbilia.

Halafu nikafungua ukurasa wenye picha. Ziwa dogo. Lundo la kifusi. Upande mmoja wa lundo, sehemu iliyobonyea, upana wa geti la gari.

Nilifunga kitabu. Nilitoka maktaba nikasahau kofia.

Siku hiyo hiyo nilishuka bondeni kukagua, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya mfuko wa kwanza. Nilianzia chini ya ukuta. Palikuwa na unyevu, na maji kidogo yakichuruzika. Niliyakinga kwenye chupa nikayainua juani: yalikuwa safi, bila tope. Shikeni hilo. Ukuta unaochuruzika maji safi bado una subira. Yakiwa na matope, ujue unaondoka kidogo kidogo kutoka ndani. Kisha nilipanda juu. Kilele kilikuwa na ufa mrefu unaoingia kidole, na kutoka usawa wa maji hadi sehemu ya chini kabisa ya kilele palibaki shubiri moja na nusu. Kabla ya mifuko yangu palikuwa na karibu mita moja. Nafasi ile tupu, ambayo wahandisi wa milimani wanailinda kama mboni ya jicho, mimi nilikuwa nimeiuza kwa randi mia sita.

Jumapili baada ya ibada niliwaambia Pasta na Mama Divine, Salimu akiwepo. Pasta alikunja uso.

"Ndugu Bahati, ni wewe ulijenga. Sasa ni wewe unasema ni mbaya?"

"Ndiyo, Pasta. Nani mwingine ajue zaidi?"

Salimu aliona jambo ni jepesi. "Tuondoe mifuko kesho asubuhi. Kamba, vuta, mchezo kwisha. Sharp."

Sikubishana naye. Niliomba beseni la kufulia, nikaweka mchanga na majivu katikati kama ukuta, nikajaza maji upande mmoja hadi karibu na ukingo. Kisha nikamwambia Salimu achore mfereji juu ya ukuta kwa kidole kimoja, mwembamba tu. Alichora. Uzi wa maji ukapita. Uzi ukawa kamba. Kabla hajavuta mkono wake ukuta ulikuwa umepasuka hadi chini, na maji yalimlowesha suruali.

"Eish," alisema.

Nilijenga upya. Safari hii nilipunguza maji kwanza kwa mpira mdogo, kisha nikakata mfereji, nikaupanga kokoto, halafu nikamimina maji ya jagi moja. Yalipita juu ya kokoto na ukuta ukabaki.

Mama Divine alikuwa ameinamia beseni muda wote. Alinyoosha kidole kwenye sehemu tupu chini ya ukuta, akaniita kwa jina la mwanangu kama kawaida yake.

"Kwa hiyo, Baba Shukuru, watoto wangu wanalala mchana hapa?"

"Hapo."

"Na wewe umejua tangu lini?"

"Tangu jana."

"Sawa," alisema. "Kama ungesema tangu mwezi jana, ningekupiga na hili beseni."

Nilimuuliza kama anaweza kuhamisha kreshi. Aliniambia alitafuta chumba kwa majuma manne kabla ya kupata kile, kwamba garaji la kanisa ni la fundi hadi Jumamosi, na kwamba akifunga, mama ishirini hawataenda kazini. "Mimi nimehama vya kutosha. Safari hii hamisha maji."

Jumatatu nilipeleka taarifa ya maandishi kwenye ofisi inayohusika, pamoja na mchoro na vipimo. Msiruke hatua hii kamwe, hata mkiwa na uhakika. Keshoye alikuja mhandisi mmoja kijana, akapima, akaangalia ufa, akasoma mchoro wangu mara mbili. Alikubaliana na mpango: shusha maji kwanza, ondoa mifuko safu kwa safu, panga mawe. Alitupatia kitambaa kizito cha ujenzi cha kutandika chini ya mawe. Aliniuliza nilisomea wapi uhandisi. Nikamwambia Jumamosi.

Tatizo likawa tahadhari. Nilipendekeza firimbi.

"Firimbi hapana," Mama Divine alisema hapo hapo. "Zile siku za Alexandra walikuja na firimbi. Ukipiga firimbi hapa, nusu ya ua watajifungia ndani na nusu watashika panga."

Sikuwa nimefikiria hilo, wala hakuna kitabu kilichoniambia. Kengele ya bondeni lazima iwe sauti ambayo watu wa bonde lile wataikimbilia. Mwishoni ni jirani yake, bibi wa Kizulu aliyeitwa Gogo na ua mzima, aliyetoa jibu. Aliingia kibandani akatoka na vuvuzela ya njano iliyobaki tangu Kombe la Dunia. Sauti ile haikuwa imemtisha mtu yeyote, ilikuwa imewachosha tu. Tulikubaliana: mti wa kupimia una rangi nyeupe, njano na nyekundu. Maji yakifika njano, anayekaa bwawani anapiga mara moja fupi, na watoto wanavaa viatu. Nyekundu, anapiga mfululizo, na kila mtu anapanda mtelemko wa kulia mpaka kwenye uzio wa barabara. Tulifanya mazoezi kila siku baada ya chakula cha mchana. Watoto waliyapenda kuliko mpira. Wakubwa walilalamika mpaka siku ya tatu, kisha wakaanza kushindana nao.

Sifoni zilikuwa mabomba matatu meusi ya plastiki, unene wa mkono wa mtoto, niliyoazimwa na Ntate Moloi. Salimu alishika ncha ya kwanza, akaileta mdomoni.

"Unafanya nini?"

"Naivuta, kama petroli. Si ndivyo mnavyofanya Kongo barabarani?"

"Bomba la mita thelathini? Utavuta mpaka Krismasi."

Njia ni hii. Unafunga ncha zote mbili kwa valvu. Sehemu ya juu kabisa unaweka kiungo chenye mdomo wa kujazia. Unamimina maji kwa ndoo mpaka bomba limejaa na mapovu yamekwisha, kisha unafunga mdomo ule kwa nguvu. Unafungua valvu ya ndani ya maji kwanza, ya nje baadaye. Ukikosea mpangilio, unapoteza maji na unaanza tena. Salimu alikosea mara mbili, mimi mara moja. Na ncha iliyo majini lazima ivae chujio, kikapu cha waya kinatosha, maana jani moja tu linaweza kusimamisha kazi ya siku nzima.

Mabomba yalitiririka usiku na mchana, mwisho wake ukiwa chini kabisa kwenye mwamba, mbali na ukuta. Tulipeana zamu. Maji yakishuka chini ya safu moja ya mifuko, tunaondoa safu hiyo, hatugusi inayofuata. Kufikia Jumatano ya wiki iliyofuata tulikuwa tumeondoa safu tatu, mifuko thelathini na sita, tukaipanga pembeni. Mti wa kupimia tuliushusha kila safu ilipotoka, ili nyekundu iwe daima usawa wa mfuko wa juu uliobaki. Mfereji wa mawe, kutoka mdomoni kushuka hadi kwenye mwamba, ulikuwa umefika theluthi mbili ya njia. Ilibaki theluthi ya chini, udongo mtupu.

Mnaijua mvua ya mchana ya mji huu. Saa nane jua kali, saa nane na nusu wingu jeusi limekaa juu ya bonde kama kifuniko. Ilianza na mawe ya barafu makubwa kama zabibu. Saa tisa kasoro dakika tano maji yalifika njano, nikapiga vuvuzela mara moja. Kwa chini niliona kanga ya Mama Divine ikipita kutoka mtoto mmoja hadi mwingine. Kisha sifoni ya kati ilikohoa, ikanyamaza. Majani na mawe ya mvua yalikuwa yameziba chujio. Salimu alilala kifudifudi ukingoni, akaingiza mikono majini hadi mabegani na kung'oa takataka.

"Bahati!" alipiga kelele. "Huku kuna barafu yako ya kitabuni, njoo uisome!"

Saa tisa na kumi, nyekundu. Nilipiga vuvuzela mfululizo mpaka nikaona watoto kwenye mtelemko, mstari mmoja, na Gogo nyuma amebeba wawili. Hapo niliiweka chini.

Maji yalipita juu ya safu mbili zilizobaki na kuingia kwenye mfereji. Juu ya mawe yalifanya kama yalivyofanya kwenye beseni: kelele nyingi, madhara hakuna. Lakini mawe yalipoishia, yalianza kuchimba. Shimo la kwanza lilikuwa kama karai. Kisha kama bafu. Na shimo la namna hii, vijana, haliendi chini na maji. Linakula kurudi nyuma, linapanda kuelekea ukutani. Nililitazama likimeza jiwe la mwisho la mfereji, kisha la pili kutoka mwisho. Kutoka pale hadi ukutani nilihesabu hatua kumi na nne.

Pasta alikuwa zamu pamoja nasi, amevaa suruali ya suti kwa sababu alitoka moja kwa moja kwenye mkutano. Alinitazama.

"Tunafanya nini?"

"Mifuko," nilisema.

Mifuko ile ile thelathini na sita, iliyokaa pembeni kama ushahidi dhidi yangu. Tulisimama mnyororo: Salimu anainua, Pasta anapokea, mimi natupa. Sikuitupa katikati, maji yangeibeba. Niliweka ya kwanza pembezoni mwa shimo, upande wa juu, nikaisukuma kwa mguu iingie chini ya jiwe lililokuwa linaning'inia, kisha ya pili juu yake, kila mmoja ukilalia nusu ya mwenzake, kama matofali. Ndipo goti hili lilipoumia. Nilisikia likilia, nikaendelea.

"Pasta, haraka!" Salimu alihimiza. "Omba huku unabeba!"

"Nimeanza zamani, ndugu yangu! Wewe beba!"

Kwenye mfuko wa thelathini na moja shimo lilikoma kupanda. Nilihesabu tena hatua hadi ukutani: kumi na moja. Tulisimama tumelowa, tukitazama hatua zile kumi na moja kana kwamba zinaweza kubadili mawazo. Hazikubadili. Saa kumi na dakika ishirini na tano maji yalishuka chini ya nyekundu, na hilo nililiandika. Kisha nilishuka kuangalia chini ya ukuta. Palichuruzika kama kawaida. Nilikinga kwenye chupa, nikainua. Safi.

Juu kwenye uzio Mama Divine alikuwa anahesabu watoto kwa kuwagusa vichwa. Alifika ishirini na tatu, akaanza tena, akafika ishirini na tatu. Mtoto mmoja alikuwa ameniibia vuvuzela sijui saa ngapi, na akaendelea kuipiga mpaka Gogo alipomnyang'anya.

Mfereji tuliumalizia wiki ile, mawe mpaka kwenye mwamba. Safu mbili za mwisho tuliziondoa, na ufa tuliujaza udongo wa mfinyanzi, tabaka kwa tabaka, tukishindilia kila moja. Maji yalirudi magotini, na yapo magotini hadi leo. Pasta alitafuta ufumbuzi wake mwenyewe: sasa wanaobatizwa wanakaa chini kwanza, ndipo anawalaza chali. Anasema hakuna andiko linalodai wasimame.

Watu huniuliza ningefanya nini tofauti. Ningekagua kabla ya kuziba, bila shaka. Ningeanza mawe kutoka chini kwenda juu, badala ya juu kwenda chini. Kama theluthi ya chini ingekuwa tayari, shimo lisingepata pa kuanzia. Hilo nimewafundisha wote waliopita mikononi mwangu, na nimeona mifereji yao ikivumilia mvua kubwa kuliko ile. Maji hayana siri nyingi. Mtu mwenye daftari, fimbo ya kupimia na uvumilivu wa kusoma sura nzima anaweza kuyamudu.

Ijumaa nilienda kwa Mama Divine kuuliza kilichopotea. Maji ya mfereji yalikuwa yamepita pembezoni mwa ua wake, kimo cha kifundo cha mguu, na kubeba vitu.

"Unauliza kwa adabu, au unalipa?" alisema.

"Nalipa. Nusu yangu ya zile mia sita haijaguswa, na Salimu ameleta kilichobaki kwenye yake."

"Basi fungua daftari uandike. Mimi nataja, wewe andika, mtu asije akasema Mrundi aliongeza."

Alitaja, niliandika. Waya wa uzio, randi mia moja na themanini. Sufuria mbili, mia moja na kumi. Viti viwili vidogo vya plastiki, hamsini. Nilimwuliza kama kuna kingine chochote. Aligeuka akatazama watoto waliokuwa wamelala mchana kwenye mikeka, safu mbili, halafu akasema hapana, hakuna kingine, piga mstari ujumlishe.

Randi mia tatu na arobaini.